Kumtafsiria Baba Mto Spree

Nimekaa Berlin miaka tisa bila kupanda boti ya watalii. Mwenyeji hapandi vitu hivyo, kama vile mtu wa Bagamoyo asivyolipa kiingilio kwenda kutazama magofu ya Kaole. Unaziona tu zikipita chini ya madaraja, zimejaa watu wenye kofia na kamera, wanakupungia mkono, unawapungia, basi. Tiketi zile mbili nilizinunua kwa sababu moja tu. Baba alikuwa anakuja kutibiwa macho, na mimi kichwani nilishapanga kwamba akishatibiwa nitampeleka mtoni auone mji wangu. Nikachagua ile safari ndefu ya mchana, ya zaidi ya saa tatu, inayouzunguka mji kwa Mto Spree na Mfereji wa Landwehr. Nikailipia hata kabla viza yake haijatoka.

Baba alikuwa nahodha. Si wa meli, wa jahazi. Alibeba boriti na mkaa kutoka Rufiji mpaka Zanzibar na Bagamoyo kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka tanga likaanza kuonekana ni kitu cha maonyesho. Presha ya macho ilimwingia kimyakimya, kama ilivyo kawaida yake. Inaanza kula pembeni, mtu anabaki anaona mbele, anadhani ni uzee tu. Matone aliyopewa yalipokwisha hakurudi kuchukua mengine, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kinamuuma. Nilipokuja kushtuka na kuanza kuhangaikia makaratasi, alikuwa anawatambua watu kwa sauti.

Daktari wa hapa alimpima asubuhi nzima. Mkalimani nilikuwa mimi. Alieleza kwa upole na bila kuzunguka: mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haufufuki. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki na mwanga tu, anajua kumekucha au kumekuchwa. Matone ni ya kulinda huo mwanga uliobaki, hayarudishi kilichokwenda, na operesheni haitabadilisha kitu. Baba akanigeuzia uso, akasubiri. Nikasema, "Amesema tuendelee na matone, Baba. Tutaona."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akidhani nimemfikishia maneno yake.

Kwenye treni nilitaka kuziacha tiketi zipotee. Nikamwambia kuna baridi, pengine tungepumzika nyumbani. "Si umeshalipa?" akauliza. Nimelipa. "Basi twende. Chombo ni chombo."

Tulipandia Jannowitzbrücke, kituo cha treni kilicho juu ya maji kabisa. Kijana wa boti alitaka kumshika mkono, Baba akamshika yeye begani, akaingia kwa mguu wa kulia kama anayeingia ndani mwake. Akapapasa ukingo, akapapasa benchi, akasikiliza injini iko wapi. Tulikaa mbele, sehemu ya wazi isiyo na paa. Kisha akavuta pumzi ndefu ya mtu anayeonja.

"Hayana chumvi," akasema. "Na hayana harufu ya mto pia. Yanapwa na kujaa?"

"Hayapwi wala hayajai, Baba."

"Sasa yanashinda yanafanya nini?"

Nilicheka, lakini ni swali zuri. Spree ni mto wa pole mno. Unaweza kusimama darajani robo saa usijue unakwenda upande gani. Nikamweleza kwamba unateremka mpaka Spandau, unaingia mto Havel, Havel unaingia Elbe, Elbe unapita Hamburg na kumwagika Bahari ya Kaskazini. Akaitikia aliposikia Hamburg. Hilo ni jina la wazee wa pwani, tangu kampuni ya meli ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa huko mwaka 1890. "Kumbe ukiyafuata haya," akasema, "unafika kwetu." Ukiyafuata sana, ndiyo.

Boti ikang'oka, na sauti ikaanza kwenye kipaza sauti. Mwongozaji alikuwa mzee mmoja mcheshi wa Berlin, anasema Kijerumani, na wasiokijua walipewa hedifoni zenye lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakikuwamo. Kwa hiyo ikawa kama kule kwa daktari: mtu anasema, mimi nasikiliza, Baba ananisubiri mimi.

Maelezo ya boti za watalii yana fasihi yake, na ukishayasikia dakika ishirini umeshaijua kanuni. Linatajwa jengo, mwaka, na jina la aliyelichora, halafu kichekesho. Kila kitu kina mwaka. Kila kitu kiko kushoto kwako au kulia kwako, jambo ambalo kwa abiria mmoja siku ile halikuwa na maana. Nilijitahidi. Kushoto, nikamwambia, ni ule Ukuta wenyewe, kipande kirefu kuliko vyote vilivyobaki, zaidi ya mita 1,300, wasanii waliuchora picha mwaka 1990. Picha maarufu ziko upande wa barabarani, sisi wa majini tunauona mgongo. Kulia kuna majengo. Hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Kulikuwa na winchi ya ujenzi, maghala, maofisi ya vioo yanayofanana, na mbingu ya kijivu kama sufuria iliyosuguliwa. Mimi nikasema kuna miti imeinama majini, kuna watoto wanakimbia ukingoni, jua limechomoza na mto mzima unameta.

Baba alinyamaza kidogo. Akanyoosha mkono mbele, kiganja juu, kama mtu anayepima mvua.

"Jua gani hilo lisilonigusa?"

Sikuwa na jibu.

"Mwanangu, unanitafsiria au unanitungia?"

Nilitaka kusema kuna tofauti ndogo, kwamba kila mtafsiri anatunga kidogo, maneno tunayoyapenda sana sisi watu wa vitabu. Nikanyamaza. Nikaenda kumchukulia chai. Akaletewa glasi ya maji ya moto na kifuko kinachoning'inia kwenye uzi, akakivuta uzi, akauliza hii nayo ni nini, unavua samaki? Jirani yetu, mama mmoja wa Kijerumani aliyekuwa na keki na bia mezani saa sita mchana, alituangalia tukicheka akacheka na yeye bila kujua kinachochekwa.

Halafu likaja Oberbaumbrücke. Ni daraja la matofali mekundu lenye minara miwili, kama ngome ya kitabu cha hadithi, lilikamilika 1896. Chini hupita magari, juu hupita treni. Baba alilisikia kabla sijalitaja: treni ilipita juu, chuma kikaunguruma, na tulipoingia chini yake sauti ya injini ikaturudia kutoka pande zote. Mwongozaji akasema mwaka, akasema minara, akataja filamu iliyopigwa hapo, watu wakainua simu. Kuhusu gati la mawe la Kreuzberg hakusema kitu. Alikuwa amekwishaanza kuyaeleza masanamu yaliyo mbele.

Gati lile mimi nalijua, nalipita mara nyingi kwa miguu. Tangu mwaka 2010 linaitwa kwa jina la May Ayim, mshairi aliyezaliwa Hamburg mwaka 1960, baba yake Mghana, mama yake Mjerumani. Kabla ya hapo lilikuwa na jina la Otto Friedrich von der Gröben, yule aliyekwenda pwani ya Ghana ya leo mwaka 1683 kusimamisha ngome ya Brandenburg, ngome iliyokuja kufanya biashara ya watumwa. Jina la mwenye ngome limetoka, limeingia la mshairi. Ukiniuliza mimi, hiyo ni moja ya tafsiri chache za mji huu ninazoziamini.

Hayo nilimwambia Baba kwa raha. Lakini kuna jingine la pale pale, na hilo nililishikilia mdomoni. Dakika tano zilizopita nilikuwa nimemtungia jua. Nikaona nimwambie.

Enzi za Ukuta, mpaka haukuwa katikati ya mto. Maji yote ya sehemu ile, kuanzia ukingo huu mpaka ule, yalikuwa ya Ujerumani Mashariki. Gati lilikuwa la Magharibi. Watoto wa Kreuzberg, wengine watoto wa wahamiaji Waturuki na Waitaliano, walikuwa wanacheza pale kwa kuwa hapakuwa na pengine. Kati ya 1966 na 1975 watoto watano walitumbukia hapo wakafa. Wazimamoto na polisi wa Magharibi walifika, wakasimama gatini. Kuingia majini ni kuvuka mpaka, na walinzi wa upande wa pili wana bunduki. Mtoto wa mwisho, Mei 1975, alikuwa anatimiza miaka mitano siku hiyo hiyo. Ndipo serikali mbili zikakaa mezani, na Oktoba mwaka huo zikakubaliana namna ya kumwokoa mtu aliyeanguka.

Baba aliweka glasi chini.

"Walisimama?"

"Walisimama."

"Wanamwona?"

"Mwanzoni, ndiyo."

"Mtu yuko majini, halafu unauliza maji ya nani?" Hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa amegeukia kule gati lilikokuwa, ingawa lilikuwa limeshabaki nyuma. Nilipokuwa mdogo aliwahi kurudi nyumbani na jahazi tupu. Alitupa boriti za watu baharini ili chombo kiwe chepesi, akakimbilia ngalawa iliyopinduka nje ya Mbegani, akaokota wawili kati ya watatu. Mwenye mzigo alimkata gharama kwa misimu miwili. Mama alilalamika sana, nakumbuka, na Baba hakuwahi kujitetea. Sijawahi kumwuliza juu ya yule wa tatu.

Masanamu yakafika, ikabidi niendelee na kazi. "Kuna watu watatu wa bati wamesimama majini, Baba, warefu mita thelathini, wanasukumana. Miili yao imetobolewa matundu kila mahali."

"Wamefanya nini mpaka watobolewe?"

"Ni sanaa."

"Haya."

Boti haikuwafikia. Ilikata kulia na kuingia kwenye mlango wa maji, ule mtambo wa kushusha chombo kutoka mtoni kwenda mfereji. Ni chumba kirefu cha kuta mbili, mlango nyuma na mlango mbele. Unaingia, wanafunga nyuma, wanapunguza maji, unashuka nayo, wanafungua mbele. Injini ilitulia. Mwongozaji alizima kipaza sauti akaenda kunywa kahawa. Kwa mara ya kwanza tangu tupande hapakuwa na mtu anayesema, na hapakuwa na kitu cha kutafsiri.

"Na daktari?" Baba akasema.

"Daktari nini, Baba?"

"Alisema mengi. Nilimsikia, alisema muda mrefu. Wewe ukanipa maneno matano." Alikuwa ananong'ona, ingawa hakuna aliyekuwa anatuelewa. "Ile 'tutaona', ilikuwa yake au yako?"

Nilitazama ukuta. Ulikuwa umelowa, una ukungu wa kijani, na ulikuwa unapanda taratibu mbele ya macho yangu kwa sababu sisi tulikuwa tunashuka.

"Ilikuwa yangu."

"Sema yake."

Nikaisema. Neno kwa neno nilivyoikumbuka, jicho la kulia kwanza, halafu la kushoto. Nilipofika kwenye matone nilijikuta nayapunguza tena, nikarudi nyuma, nikalisema upya. Hayarudishi. Baba hakuingilia. Aliniacha nimalize kama anavyomwacha mtu amalize salamu. Mlango wa mbele ulipofunguka alisema, "Nilijua tangu Ramadhani. Nilitaka kujua kama unajua na wewe." Baada ya muda akaongeza, "Usinifanyie tena."

Mfereji wa Landwehr ni mwembamba na una miti kweli. Matawi yanainama majini kweli, na watu wamekaa kwenye majani na bia zao, na safari hii nilipoyasema Baba hakupima kwa kiganja. Madaraja ya huko ni ya chini mno. Nahodha anatangaza kila mtu abaki amekaa, na bado kuna warefu wanaoinamisha vichwa hata wakiwa wameketi. Baba aliyahesabu kwa masikio. Kabla ya daraja hewa inakuwa nzito, akasema, halafu sauti inakurudia, halafu inafunguka. Akawa ananitangulia: "Hilo hapo." Mara mbili alisema daraja mimi nikiwa sijaliona. Alipofika kwenye ishirini na kitu akaacha kuhesabu kwa sauti, lakini kidole chake kiliendelea kugonga goti.

Karibu na bustani ya wanyama nilimwambia kwamba Januari 1919 wauaji waliutupa mwili wa Rosa Luxemburg kwenye mfereji huu, ukaja kuonekana mwishoni mwa Mei. Sikuwa nimeulizwa. Akauliza kama alikuwa na watoto. Hakuwa nao.

Tuliporudi kwenye Spree ukaja ule upande wa Berlin unaochapwa kwenye kadi, na hapo nilichoka. Ikulu ya Bellevue, Bunge lenye kuba la vioo ambalo Norman Foster alilimaliza 1999, maofisi ya serikali yenye madirisha ya duara. Niliyapita kwa sentensi mojamoja. Baba naye alikuwa anasinzia. Nilimwamsha tulipofika Kisiwa cha Makumbusho, si kwa ajili ya makumbusho, bali kwa kuwa chuo kikuu kiko hatua chache tu kutoka pale, na kuna mtu wa kwetu nilitaka amjue.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuja Berlin mwaka 1900 kutoka Bagamoyo, kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki. Wasomaji wa maandishi ya zamani mnamjua: sehemu kubwa ya *Desturi za Wasuaheli*, kilichohaririwa na Carl Velten na kutoka 1903, ilitoka kwenye kalamu yake. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha. Mwaka uliofuata wakapanda meli warudi Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni haikukubali watue kama mume na mke. Wakarudishwa Ujerumani. Alifia hapa Berlin mwaka 1927.

Baba alikuwa macho kabisa sasa. "Alifika mpaka pwani?"

"Alifika."

"Akanusa nyumbani, akageuzwa." Akatikisa kichwa. Kisha akauliza kitu ambacho katika kumsoma kwangu kote yule bwana sikuwahi kukifikiria: jioni, baada ya kuwafundisha, alikuwa anasema Kiswahili na nani?

Nilifikiria mimi mwenyewe nasema na nani. Kwenye simu, Jumapili. Na yeye, wiki hizo tatu.

"Tarehe ya ndege ni lini?" akauliza.

"Tarehe kumi na nne."

"Bado siku nyingi."

Zilikuwa tisa.

Kabla ya kurudi tulikopandia kuna mlango mwingine wa maji, wa Mühlendamm, kando ya mahali panapoitwa Fischerinsel, yaani Kisiwa cha Wavuvi. Nikamwambia jina, akafurahi, akauliza wanavua kwa nyavu au kwa mishipi. Ningeweza kumpa mvuvi mmoja tu, mzee, na kikapu. Nikamwambia hakuna mvuvi, Baba, kuna maghorofa marefu ya kupanga, jina ndilo lililobaki.

Tukaingia. Wakafunga nyuma. Safari hii tulikuwa upande wa chini, kwa hiyo maji yalianza kuingizwa, na kuta ambazo zilikuwa juu yetu zikaanza kufupika. Juu kulikuwa na watu wamesimama wanatutazama. Mtoto mmoja alikuwa anapiga kelele, mbwa anabweka. Baba aliinua kidevu. Mwongozaji hakuwa na la kusema, na mimi pia nikanyamaza, nikamtazama tu. Sauti zile zilikuwa zinashuka kutoka juu kidogo kidogo, zikaja usawa wa mabega, zikaja usawa wa masikio yetu, mpaka yule mtoto akawa kama yuko nasi kwenye benchi.

Baba akanishika mkono.

"Yanajaa," akasema.

"Yanajaa, Baba."

Akamgeukia mtoto aliyekuwa akipiga kelele na kumpungia mkono, akakosea kidogo upande. Mtoto akasogea hatua mbili, akasimama mahali mkono ulipoelekea, akampungia.